Aliyenifundisha Kushika Isoni

Mwalimu hakuwa mtu wa kugonga mlango. Alisimama nje, akasafisha koo, akaimba noti moja ndefu, kisha akangoja. Wewe uliye ndani ulitakiwa umjibu kwa noti hiyohiyo, chini yake, bila kuyumba. Ukimjibu vizuri aliingia akicheka. Ukimjibu vibaya alibaki palepale kwenye ngazi akirudia, mpaka majirani wa ghorofa watoe vichwa. Mke wangu, Mama Ester, hakulipenda jambo hilo hata kidogo. "Papa Ester," aliniita kutoka jikoni, "ule kengele yako imefika. Ifungulie haraka, kabla hawajatufukuza mu nyumba."

Tulikaa Durban, mtaa wa Greyville, upande wa uwanja wa mbio za farasi. Yeye alikaa jengo la pili kutoka kwetu. Alikuwa Mgiriki, lakini alikuwa ameishi Lubumbashi muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa, pamoja na matusi yake. Kanisani alikuwa kiongozi wa waimbaji. Nyumbani alipiga udi. Habari za alikozaliwa na za ukoo wake sizijui vizuri, na kila nilipomwuliza alinijibu kwa kuniuliza kama nimekula.

Mimi nilifika mji huo vita ilipotuondoa Kongo. Kule nilikuwa katekista. Huku nililinda magari ya watu barabarani, na namshukuru Mungu, hatukulala njaa. Jumapili ya kwanza nilikaa benchi la nyuma la kanisa la Waorthodoksi, na wimbo ulipoanza nikaanza kushika isoni kwa sauti ndogo.

Isoni ni hivi. Katika uimbaji wa Kanisa letu, mtu mmoja huimba wimbo wenyewe, akipanda na kushuka, na mwingine hushika noti moja chini, isiyohama mpaka mwimbaji abadili njia, yaani ngazi ya noti anazozifuata. Anayeishika hasikiki sana. Lakini akiiacha, mwimbaji hana pa kukanyaga.

Mwalimu aligeuza kichwa katikati ya wimbo, akaendelea. Ibada ilipokwisha alinifuata nje.

"Weye, nani alikufundisha?"

"Mapadre wa kwetu, Kolwezi."

"Walikufundisha vibaya. Kuja kesho."

Namshukuru Mungu kwa kesho ile mpaka leo. Sikuwa na rafiki mjini, sikuwa na mtu wa kuniita kwa jina, na mzee huyu alinikalisha kwenye kiti chake kizuri, akanipa kahawa nzito yenye mashapo, akanifundisha upya kitu nilichodhani ninakijua tangu utoto. Alifundisha kwa ukali. Nilipotaka kuupamba wimbo kidogo, alipiga meza. "Shika chini! Isoni haina maoni!" Neno hilo alilirudia sana. Isoni haina maoni. Nililipenda, maana nililisikia kama fundisho la unyenyekevu.

Alifunga mifungo yote ya Kanisa, hata ile ambayo padre mwenyewe aliilegeza. Ijumaa hakugusa mafuta. Lakini Jumamosi ungemkuta dirishani na darubini, akitazama farasi wakipelekwa kuanza mbio, na farasi wake siku zote alikuwa yule aliyegoma. "Ule iko na akili," alisema. "Hataki kukimbizwa bure." Farasi huyo alishindwa, naye hakukasirika. Kipaza sauti cha uwanja kilipoanza kutangaza tulilazimika kunyamaza, kwa kuwa mtangazaji alitupotezea noti, na Mwalimu alimnyooshea ngumi kupitia dirishani: "Mturuki weye!"

Hilo ndilo lililokuwa tusi lake. Bomba lililovuja lilikuwa Mturuki. Teksi iliyompita bila kusimama ilikuwa Mturuki. Hata Mama Ester aliwahi kuitwa hivyo, siku alipokataa kumwongezea pilipili, akamjibu, "Sawa, Mturuki amekataa. Kula vile vile." Lakini nilipomkuta akipika, kaseti iliyokuwa ikilia jikoni ilikuwa ya Kituruki, na alikuwa akiifuatisha kwa mwiko.

"Mwalimu, si hao unaowatukana?"

"Hii si yao. Waliichukua kwetu."

Siku nyingine, akiwa amekunywa divai kidogo, alisema yeye mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba Wagiriki ndio walioichukua kwa Waturuki, na kwamba babu zao walipiga muziki huo pamoja kwenye mikahawa ya Smirna, mji wa Uturuki walikokaa Wagiriki wengi zamani, na hakuna aliyekuwa akiuliza nani ni nani.

"Sasa ipi ni ya kweli?" nikamwuliza.

Aliilamba midomo. "Inategemea nani iko anasikiliza."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha.

Basi siku moja alikwenda kununua zulia dogo la kuweka mbele ya kitanda, kwa sababu baridi ya sakafu ilimwumiza miguu. Mwenye duka, hapohapo Greyville, alikuwa Mturuki kweli, mtu mpole wa makamo aitwaye Rifati. Nyuma ya mazulia yaliyokunjwa alikuwa na ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Mwalimu hakurudi na zulia. Alirudi kwangu akihema, akasimama ngazini akaimba, nikamjibu, akaingia.

"Vaa viatu," alisema. "Nimepata mtu."

Tangu siku hiyo tulikutana nyumbani kwa Mwalimu karibu kila alasiri ya Jumapili: yeye na udi, Rifati na ganuni, na mimi katikati na noti yangu moja. Walizungumza kwa Kiingereza, nacho kilikuwa kibovu kwa wote wawili. Lakini mmoja alipopiga njia ambayo Kanisa letu huiita Sauti ya Pili ya pembeni, mwingine aliruka kitini akasema, "Hijazi! Kwetu hiyo ni hijazi!" na akaipiga, na kweli ilikuwa ileile, ila kwa noti moja ambayo Rifati aliishusha kidogo, kidogo sana. Waligombana juu ya noti hiyo kwa miezi.

"Juu," alisema Mwalimu.

"Chini," alisema Rifati.

"Juu! Mnaishusha kwa sababu mna huzuni."

"Na nyinyi mnaipandisha kwa sababu mna haraka."

Wakati wote huo mimi sikuruhusiwa kunyamaza, kwa kuwa bila isoni wasingejua wanagombania nini. Rifati ndiye aliyenionea huruma. "Mwache abi apumue," alisema. Abi kwao ni kaka mkubwa, na hivyo ndivyo alivyoniita, ingawa nilikuwa mlinzi wa magari na yeye alikuwa na duka. Mwishowe walikubaliana: wimbo unapopanda noti iwe ya Kigiriki, unaposhuka iwe ya Kituruki. Nimesikia muziki mwingi katika maisha yangu, na mwingi wake ulikuwa wa kumsifu Mungu. Ule pia ulikuwa wa kumsifu Mungu, hata kama wao hawakuusema hivyo.

Ikaja habari kwamba Wagiriki wa mjini wangekuwa na alasiri ya muziki katika ukumbi wao, na Mwalimu ameombwa kupiga. Alitaka tuwe watatu. Akanituma mimi nikamwalike Rifati.

Rifati alilikunja zulia alilokuwa akimwonyesha mteja, akangoja mteja atoke. Miaka hiyo serikali za nchi zao zilikuwa zikitishiana kwa sababu ya visiwa na mipaka, na mambo hayo hata sisi tuliyasoma kwenye magazeti.

"Abi, wanajua ni nani anayekuja? Wanajua jina langu?"

Nikamwambia nitauliza. Nikaenda kwa Mwalimu, nikamwuliza waziwazi.

"Wanajua," alisema. "Mwambie nimeapa."

Nikarudi dukani nikamwambia: wanajua, Mwalimu ameapa, na mimi nimekupa neno langu juu ya neno lake. Rifati aliweka mkono kifuani. Akaja.

Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na keki za unga wa sukari, na akina mama wazee waliovaa nyeusi. Mwalimu alisimama akawasalimia kwa Kigiriki. Kigiriki changu ni cha kanisani, lakini kilitosha. Nilisikia akisema kwamba leo tuna mgeni kutoka familia ya zamani ya Smirna, Mgiriki mwenzetu, jina lake Stelios.

Rifati alitazama nyuma kumtafuta huyo Stelios. Kisha akaona watu wote wanampigia makofi yeye. Aliinama juu ya ganuni yake, na hakuinua uso mpaka tulipomaliza.

Tulipiga vizuri, Mungu anisamehe kwa kusema hivyo. Mabibi walilia. Walikuja wakambusu Rifati mashavuni, wakamwuliza habari za Smirna, naye hakuwa na neno hata moja la Kigiriki. Mwalimu akawaambia kwamba koo lake linamwuma, haruhusiwi kusema. Bibi mmoja alikwenda jikoni akamletea asali na limau kwenye kikombe, akamsimamia mpaka akanywa yote.

Tulirudi kwa miguu, Rifati na mimi, yeye akiwa amebeba ganuni mgongoni. Tulipofika kwenye robot, taa za barabarani, karibu na uwanja wa mbio, taa ilikuwa nyekundu. Akaniuliza bila kunitazama.

"Abi, nani aliamua?"

"Sijui. Wallahi sijui, kama mnavyosema nyinyi. Nitauliza."

Kesho yake nilimwuliza Mwalimu. Alikuwa akikaza nyuzi za udi. "Kamati," alisema. "Kamati ya ukumbi ilinibana dakika ya mwisho. Miye ningefanya nini? Ningewafukuza wale mabibi?" Nilimwamini. Nikampelekea Rifati jibu hilo kama nilivyopewa: ilikuwa kamati. Alisema anashukuru kwamba nimeuliza.

Hakuja Jumapili kwa muda mrefu. Ni mimi niliyemrudisha. Nilimwalika kwetu, akala bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo aliyopika Mama Ester, akanywa chai, akatuonyesha picha ya mama yake. Nilimwambia mzee yule ana kiburi lakini moyo wake ni mzuri. Nilimwambia hivyo kwa kuwa niliamini hivyo. Baadaye alirudi na ganuni yake, Mwalimu akamkumbatia mlangoni, wakaanza upya kugombania ile noti, nami nikamshukuru Mungu aliyeniweka kati yao.

Kisha tetemeko kubwa la ardhi likapiga Uturuki, na watu wengi wakafa. Haukupita muda, ardhi ikatetemeka na Ugiriki pia. Tuliona kwenye televisheni waokoaji wa Kigiriki wakichimba vifusi vya Waturuki kwa mikono, na wa Kituruki wakifanya hivyohivyo Athene. Dunia nzima ililia kwa furaha na huzuni. Na hata huku kwetu mambo yaligeuka: watu walewale waliompa Stelios asali sasa walitafuta Mturuki wa kumkumbatia, na wakakumbuka kwamba Mwalimu anaye mmoja.

Ikaandaliwa alasiri ya kuchangia waathirika, juu kule Westville, katika ukumbi karibu na chuo kikuu. Walikuja Wagiriki, Waturuki wachache, Wahindi kutoka Chatsworth, walimu na wanafunzi wa kila nchi, Wakenya wakiwamo. Tulikaa jukwaani watatu, mimi katikati. Mwalimu alichukua kipaza sauti, na safari hii alisema kwa Kiingereza ili wote waelewe. Akamtaja Rifati kwa jina lake kamili na mji wake. Watu walisimama. Rifati alifuta macho.

Mwalimu angeweza kuishia hapo. Lakini makofi yalikuwa marefu, naye akaendelea. Akasema kwamba amewahi kupiga na rafiki yake huyu kabla ya matetemeko, wakati hakuna aliyethubutu. Akasema kwamba siku ile alitaka kulitangaza jina hili hili, ila huyu hapa, na akaniwekea mkono begani, mtu mwema wa kanisa lakini mwoga, mkimbizi aliyeogopa fujo, alimsihi yeye Mwalimu kwa machozi alifiche. "Nikamwonea huruma," alisema. "Nilikosea. Rifati, rafiki yangu, mbele ya watu wote hawa, nakuomba radhi kwa niaba yetu sote wawili."

Watu walipiga makofi tena. Walinitazama kwa upole, kama mnavyomtazama mtu mzima aliyeogopa mbwa. Rifati aligeuka akaniangalia, na nikaona akikumbuka neno lile nililompelekea: kamati.

Kisha Mwalimu alikaa, akashika udi, akanipa ishara kwa kidevu. Nikashika isoni. Sauti haikuyumba. Wimbo haukuwa umenikosea kitu, na watu wale walikuja kwa ajili ya wafu. Niliishika mpaka mwisho.

Nje, kwenye maegesho, nilimfuata Rifati.

"Nilikwambia nilichoambiwa," nikasema. "Sikumsihi mtu. Sikujua."

"Nilikunywa chai nyumbani kwako," alisema. "Ungeniambia siku ile, ningekuelewa. Mtu akiogopa, anaogopa." Akafungua mlango wa gari. "Asante kwa kuimba, mister."

Mama Ester nilimsimulia nikiwa bado na suti. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka sufuria chini. "Kumbe kamati ni weye! Miaka yote naipikia kamati bukari, na haijanipa hata kiti mu ukumbi wao!" Alicheka, kisha akaona uso wangu, akaacha kucheka, akanivua koti.

Nilikwenda dukani kwa Rifati mara kadhaa. Hakunifukuza. Alinipa kiti cha wateja na chai ya wateja, akaniuliza habari za watoto, akaniita mister. Heri angenifukuza.

Kwa Mwalimu nilikwenda pia, nikamwuliza kwa nini. Alijizungusha kwanza. Alisema ni maneno ya jukwaani tu, watu walihitaji hadithi yenye mwisho mzuri.

"Rifati hajui kama ni ya jukwaani."

"Atasahau."

"Basi mwambie. Sentensi moja tu. Mwambie, yule hakuniomba kitu."

Aliinamia kikombe chake. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayenieleza noti. "Papa, sikia. Nikimwambia, ataondoka na ganuni yake, na miye sitapata mwingine kabla ya kufa. Nilikuwa na watu wawili. Mmoja nikimkosea, naye anaondoka. Mwingine ni mtu wa Kanisa, nikimkosea atanisamehe. Sasa weye ungemtwika nani kosa hilo?"

Nilimaliza kahawa, nikamshukuru, nikateremka ngazi. Nimeombea maneno hayo mara nyingi. Sijui kama mtu amewahi kuniamini kuliko alivyoniamini yeye siku ile, wala sijui kama nimewahi kudharauliwa zaidi.

Nilimwona kwa karibu mara ya mwisho Jumapili ya Msamaha, ile inayotangulia Kwaresima Kuu. Sisi Waorthodoksi siku hiyo husimama mstari mmoja kuzunguka kanisa, na kila mtu hupita mbele ya kila mtu. Unainama na kusema, nisamehe mimi mwenye dhambi. Mwenzako anainama na kujibu, Mungu akusamehe, nisamehe na mimi. Kisha unasogea kwa anayefuata. Hakuna anayetaja kosa, na hakuna anayeuliza.

Mwalimu alifika mbele yangu. Magoti yake yalikuwa mabaya, lakini aliinama mpaka vidole vikagusa sakafu. Akasema kwa Kiswahili, polepole, "Nisamehe mimi mwenye dhambi."

Niliinama na mimi. Kinywa changu kikasema, "Kwa lipi, Mwalimu?"

Alidhani nimepotewa na maneno. Akanisogelea, akaninong'oneza: "Sema: Mungu akusamehe."

"Maneno nayajua. Nauliza ni kwa lipi."

Mstari ulisimama. Nilisikia Mkongo mwenzangu aliyekuwa nyuma ya Mwalimu akisema taratibu, "Papa, pardon, watu tunangoja."

"Kwa yote," alisema Mwalimu.

"Taja moja tu. Litaje kwangu hapa, halafu kesho twende pamoja dukani ukalitaje kule."

Alinitazama. Hakujifanya haelewi, hilo nampa. Midomo yake ilifunguka, na kwa muda mfupi nilidhani litatoka, na nilikuwa tayari kumshika mikono yote miwili. Kisha akanipigapiga begani, akasogea hatua moja, akamwinamia Mama Ester aliyesimama baada yangu.

"Nisamehe mimi mwenye dhambi."

"Mungu akusamehe, Mzee," Mama Ester alisema. "Nisamehe na miye."

Aliondoka kwenda Ugiriki kwa dada yake kabla ya Pasaka, na huko alifariki. Padre alipotutangazia tulimfanyia ibada ya wafu, na mimi nilishika isoni. Nimemwomba Mungu amsamehe, na naamini amemsamehe. Mungu anajua ni kwa lipi. Mwalimu alijua, na mimi najua. Asiyejua ni Rifati.